Mke Aliyegeuzwa Dada: Filamu, Siasa na Kazi ya Kuisoma Hispania

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Haukupita muda, mwongozaji John Ford akafika na waigizaji wake kupiga filamu ya Mogambo, kazi iliyowazungusha Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo. Kisa chenyewe ni chepesi. Mwindaji wa Kizungu, anayeigizwa na Clark Gable, anapokea wageni wawili kambini kwake, mtafiti wa Kiingereza na mkewe, ambaye ni Grace Kelly. Mwindaji na mke wa mtu wanapendana. Filamu ikatoka mwaka 1953, ikazunguka dunia, na ilipofika Hispania ya Jenerali Franco ikaangukia mikononi mwa wadhibiti.

Mke kumsaliti mumewe lilikuwa jambo lisiloruhusiwa kuonekana kwenye kumbi za sinema za Hispania. Wadhibiti wangeweza kuipiga filamu marufuku, lakini walipata njia nyingine. Zilipowekwa sauti za Kihispania juu ya midomo ya waigizaji, mume na mke wakageuzwa kaka na dada. Picha hazikubadilika. Kwa hiyo watazamaji wa Madrid na Sevilla wakawatazama ndugu wawili wanaoishi kama mume na mke, kaka akimwonea dada yake wivu wa kimapenzi. Ili kuficha uzinzi, dola ya kidini kuliko zote za Ulaya ya wakati huo iliwaonyesha raia wake zinaa ya maharimu.

Nimekisimulia kisa hiki darasani mara nyingi. Wanafunzi hucheka, nami nasubiri kicheko kipite, kwa sababu somo lote ninalotaka kulifundisha limo humo ndani. Kuna picha inayosema jambo moja, kuna sauti iliyopandikizwa inayosema jingine, na kuna mtazamaji aliyekaa gizani ambaye amejifunza kuamini macho yake bila kumwambia mtu yeyote.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua nguvu ya sauti inayowekwa juu ya sauti nyingine. Lufufu wa Dar es Salaam alipokuwa anatafsiri filamu, mpiganaji wa Hong Kong aligeuka mtoto wa mjini. Nchini Kenya DJ Afro amefanya hivyo kwa filamu za Wahindi na Wamarekani, na watu wamempenda kuliko waigizaji wenyewe. Lakini kwetu mtazamaji alisikia sauti mbili kwa pamoja, alijua anayezungumza ni nani, na alilipa kiingilio kwa ajili yake. Nchini Hispania amri ya tarehe 23 Aprili 1941 ililazimisha kila filamu ya kigeni ionyeshwe kwa Kihispania, na sauti ya awali ikaondolewa kabisa. Katika filamu ya Casablanca, mhusika mkuu amewahi kupigana Hispania upande wa Jamhuri, yaani dhidi ya Franco. Katika nakala ya Kihispania sehemu hiyo ya maisha yake ilifutwa. Mtazamaji hakuwa na namna ya kujua kwamba ameibiwa. Amri yenyewe ililegezwa miaka michache baadaye, lakini mazoea yalibaki, na hadi leo Wahispania wengi hutazama filamu za nje kwa sauti za kwao.

Mjomba wangu, ambaye bila yeye nisingevuka kidato cha nne, aliwahi kuniuliza kwa upole: “Hivi mjomba, kuangalia sinema za watu nako ni kazi ya kusomea miaka yote hiyo?” Sikumjibu vizuri siku ile. Nataka kumjibu sasa, kwa sababu swali lake ndilo wanaloulizwa wote wanaofanya kazi ya kuchunguza utamaduni wa Hispania ya kisasa, na siku hizi wanaouliza ni wakuu wa vyuo wenye mamlaka ya kufunga idara.

Jibu langu ni hili. Kwa karibu miaka 40, tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha Aprili 1939 hadi Franco alipofariki tarehe 20 Novemba 1975, Hispania haikuwa na bunge huru, gazeti huru wala chama kilichoruhusiwa isipokuwa cha dola. Siasa haikufa. Ilihamia mahali pengine, na mahali pamoja palikuwa kwenye filamu. Anayetaka kujua Wahispania walikuwa wanafikiri nini juu ya utawala wao, juu ya Kanisa, juu ya maiti waliofukiwa kando ya barabara, akienda kwenye hotuba za bungeni hatakuta kitu. Atakuta kwenye filamu, tena si kwenye maneno ya filamu, bali kwenye nafasi iliyoachwa kati ya maneno na picha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni filamu ya Viridiana. Mwongozaji wake, Mhispania Luis Buñuel, alikuwa uhamishoni Mexico. Utawala ulitaka kuionyesha dunia kwamba umelegea, ukamruhusu arudi kupiga filamu nyumbani. Kisa ni cha msichana aliyekuwa karibu kula kiapo cha utawa, akaishia nje ya nyumba ya watawa. Mwisho aliouandika Buñuel ulikuwa mfupi: msichana anabisha hodi chumbani kwa binamu yake, mlango unafunguliwa, anaingia, mlango unafungwa. Wadhibiti wakaukataa. Buñuel akatii. Akaandika mwisho mwingine: msichana anaingia, anamkuta binamu pamoja na mtumishi wa kike, wanakaa mezani watu watatu, wanacheza karata, muziki unapigwa. Wadhibiti wakapitisha. Mtu mzima yeyote akiutazama mwisho huo anaelewa kwamba watu wawili wamekuwa watatu, na kwamba karata ni mwanzo tu.

Mei 1961 filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya Cannes, na mkurugenzi mkuu wa sinema wa serikali ya Hispania akapanda jukwaani mwenyewe kuipokea. Gazeti la Vatikani likaishambulia filamu kwamba ni kufuru. Mkurugenzi akapoteza kazi. Viridiana ikapigwa marufuku, na ndani ya Hispania ikachukuliwa kana kwamba haijawahi kutengenezwa. Wahispania waliruhusiwa kuitazama kwenye kumbi zao mwaka 1977, miaka 16 baadaye, huku sehemu nyingine za dunia ikiwa tayari inafundishwa vyuoni. Sijui njia ya kukieleza kisa hiki ukikaa kwenye idara ya filamu peke yake, wala ukikaa kwenye idara ya sayansi ya siasa peke yake. Mtu wa sayansi ya siasa atakosa karata. Mtu wa filamu atakosa sababu ya serikali kumrudisha Buñuel, yaani dola iliyokuwa inatafuta watalii, mikopo na heshima mbele ya Ulaya.

Na hata karata hazitoshi. Ni lazima ujue kilichotangulia kwenye skrini. Tangu Januari 1943, kwa zaidi ya miaka 30, kila ukumbi wa sinema ulilazimika kuanza na taarifa ya habari ya serikali iliyoitwa NO-DO. Franco akizindua bwawa. Franco akivua samaki. Maaskofu, gwaride, mpira. Hakuna kampuni nyingine iliyoruhusiwa kupiga picha za habari. Kwa hiyo mtazamaji wa mwaka 1973 aliyekwenda kutazama El espíritu de la colmena ya Víctor Erice, filamu ya mtoto mdogo wa kijijini mwaka 1940 ambaye baba na mama hawazungumzi na ambaye anampelekea chakula askari mtoro aliyejificha bandani, mtazamaji huyo alikuwa ameingia humo akitoka kwenye kelele za serikali. Ukimya wa nyumba ile ulikuwa jibu. Ukiitazama leo kwenye kompyuta bila kelele zile, utaona filamu nzuri na ya polepole, na utakosa nusu ya inachosema.

Mwaka 1955, kwenye mkutano wa Salamanca, mwongozaji Juan Antonio Bardem aliielezea sinema ya nchi yake kwa maneno ambayo kila msomi wa fani hii anayajua kwa moyo: haina nguvu kisiasa, ni ya uongo kijamii, ni duni kifikra, haina thamani kisanaa, na imedumaa kiviwanda. Ilikuwa hukumu kali na ya haki. Lakini kinachonigusa ni kwamba sifa ya kwanza aliyoidai Bardem kwa filamu ilikuwa nguvu ya kisiasa, kabla ya uzuri. Katika nchi yenye bunge huru asingelazimika kuanza hapo.

Sasa nije kwa wasomi wenyewe. Kuna jambo linalowashangaza wengi wakilisikia mara ya kwanza: historia ya vita vya Hispania iliyoandikwa kwa uhuru iliandikwa kwanza na watu wa nje. Waingereza, Wafaransa, Wamarekani, na Mwairishi mmoja, Ian Gibson, aliyekwenda Granada kuchunguza namna mshairi Federico García Lorca alivyouawa Agosti 1936. Utafiti wake ulichapwa Paris mwaka 1971 na ukapigwa marufuku Hispania. Mchapishaji alikuwa Ruedo Ibérico, jumba dogo la vitabu lililoanzishwa na Wahispania waliokuwa uhamishoni. Vitabu vyake vilivuka mpaka kwa kificho.

Lakini mtu ninayemkumbuka zaidi ni Herbert Southworth. Alizaliwa Oklahoma, hakuwa profesa, kwa muda aliendesha kituo cha redio Tangier. Alichokuwa nacho ni ugonjwa wa kukusanya vitabu na vijarida vya vita vya Hispania, kila kilichochapwa na kila upande. Mwaka 1963 alichapisha kwa Ruedo Ibérico kitabu kilichoweka maandishi ya wafuasi wa Franco sambamba, moja kando ya jingine, hadi ngano ya kwamba vita vile vilikuwa jihadi ya Kikristo ikaporomoka kwa ushahidi wa wenyewe walioieneza. Wizara ya Habari ya Manuel Fraga ilishtuka kiasi cha kuunda kitengo maalumu cha kuchunguza historia ya vita, chini ya Ricardo de la Cierva, ili kumjibu. Mtu mmoja mwenye maktaba aliilazimisha serikali kufungua ofisi. Ninapoambiwa kwamba fani hii haina athari, namkumbuka Southworth.

Hata hivyo sitaki kuwapamba wageni kupita kiasi. Walikuwa na pasi za kusafiria na vyuo vya kurudi. Mhispania aliyetaka kuandika hayo hayo alihatarisha mkate na uhuru wake, na wengi waliyaandika wakiwa nje. Manuel Tuñón de Lara alikaa Pau, kusini mwa Ufaransa, na kuanzia mwaka 1970 akawakusanya wanahistoria vijana wa Kihispania kila mwaka ng'ambo ya mpaka. Kazi ile ilizaa kizazi kizima. Mgeni ana faida moja tu ya kweli: hajalelewa ndani ya ukimya ule, kwa hiyo masikio yake yanausikia. Hasara yake ni kwamba anaweza kuipenda Hispania ya ngoma za flamenco na mapigano ya ng'ombe kuliko Hispania yenyewe, hasa pale ambapo serikali ya Franco yenyewe, katika miaka ya 1960, iliuza nchi kwa watalii kwa kauli kwamba Hispania ni tofauti na nchi nyingine. Wasomi kadhaa waliinunua kauli hiyo bila kujua.

Mabadiliko makubwa ya fani yalikuja katika miaka ya 1990. Hadi wakati huo idara za Kihispania nchini Uingereza zilikuwa za fasihi ya kale: Cervantes, mashairi ya dini, tamthilia za karne ya 17. Mwaka 1995 Helen Graham, mwanahistoria, na Jo Labanyi, mtu wa fasihi, walihariri pamoja kitabu kilichosomeka kama tangazo la shamba jipya: sinema, muziki, televisheni, matangazo ya biashara na siasa ya Hispania vikaletwa meza moja. Naona haikuwa bahati kwamba kitabu kile kilihitaji watu wawili wa fani mbili. Hispania ndiyo iliyowalazimisha.

Kwa sababu ukimya haukwisha Franco alipokufa. Sheria ya Msamaha ya Oktoba 1977 iliwatoa wafungwa wa kisiasa gerezani, na kwa pumzi hiyo hiyo ikafunga mlango wa kuwashtaki waliotesa na kuua kwa niaba ya dola. Vyama vikubwa vilikubaliana, kwa hofu ya jeshi na kwa kutaka amani, kwamba yaliyopita yasiwe silaha bungeni. Mimi si miongoni mwa wanaowatukana viongozi wale. Walikuwa na bunduki nyuma ya mlango, na tarehe 23 Februari 1981 bunduki hizo ziliingia bungeni kweli, Luteni Kanali Antonio Tejero wa Guardia Civil, kikosi cha polisi chenye muundo wa kijeshi, akifyatua risasi darini mbele ya kamera ya televisheni. Lakini makubaliano yale yaliacha deni, na walioanza kulilipa ni watu wa filamu.

Nitakaa kidogo kwa mwongozaji Pilar Miró. Mwaka 1910 mchungaji wa kondoo alipotea katika mkoa wa Cuenca. Wanaume wawili wakashukiwa kumuua, wakateswa na Guardia Civil hadi wakakiri, na mwaka 1918 wakahukumiwa. Mwaka 1926 marehemu akajitokeza. Alikuwa anataka kuoa, akaandika kuomba cheti cha ubatizo. Miró alikitengeneza kisa hiki kuwa filamu mwaka 1979 na akaonyesha mateso bila kufumba macho. Kumbuka tarehe. Udhibiti wa filamu ulifutwa Novemba 1977. Katiba mpya ilipigiwa kura Desemba 1978. Na bado filamu ilikamatwa, na Miró akafunguliwa mashtaka mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kukidhalilisha kikosi. Mwanamke raia, chini ya katiba ya kidemokrasia, mbele ya wanajeshi, kwa ajili ya kisa cha nusu karne nyuma.

Filamu iliruhusiwa mwaka 1981, miezi michache baada ya Tejero. Watu walijaa kumbi. Mwishoni mwa 1982 wasoshalisti wa Felipe González waliingia madarakani, wakamteua Pilar Miró kuwa mkuu wa sinema wa serikali. Yule aliyeshtakiwa akawa mwandishi wa kanuni, na agizo lake la Desemba 1983 la kuwalipa watengeneza filamu fedha za umma mapema lilibadilisha sura ya sinema ya Hispania kwa muongo mzima. Wapo wanaolilaumu kwamba lilizaa filamu za heshima zisizo na watazamaji, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ukiufuata mkondo wa maisha ya mwanamke huyu kwa miaka minne tu, umesoma kipindi cha mpito cha Hispania kwa undani ambao takwimu za uchaguzi hazitakupa.

Mwongozaji Pedro Almodóvar nitampita haraka, kwa sababu ameandikwa mno. Nitasema jambo moja. Alipoanza, mwaka 1980, mfanyakazi wa kampuni ya simu aliyepiga filamu kwa fedha za kuunga, kiburi chake kilikuwa kutengeneza filamu kana kwamba Franco hajawahi kuwapo. Mwaka 2021, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitoa Madres paralelas, ambayo inaishia kwenye kaburi la halaiki likifukuliwa. Miaka 41 ya kazi ya mtu mmoja inatoka kwenye kusahau kwa makusudi hadi kwenye mifupa. Msomi aliyekaa na filamu zake zote, moja baada ya nyingine, aliuona mkunjo huo ukija kabla ya wanasiasa.

Makaburi yenyewe yalianza kufukuliwa kwa mbinu za kisayansi Oktoba 2000, Priaranza del Bierzo, pale mwandishi wa habari Emilio Silva alipomtafuta babu yake na wanaakiolojia wakakuta mabaki ya watu 13. Baadaye vinasaba vikathibitisha babu yupo humo. Zikafuata sheria za kumbukumbu ya wahanga, moja ya mwaka 2007 na nyingine ya mwaka 2022. Kati ya hizo, Oktoba 2008, jaji Baltasar Garzón alitaja idadi ya waliopotezwa kuwa zaidi ya 114,000, akaishia yeye mwenyewe kizimbani kwa kuthubutu kuchunguza, kabla ya kuachiwa kwa shtaka hilo mwaka 2012.

Halafu tarehe 24 Oktoba 2019. Siku hiyo maiti ya Franco iliondolewa kwenye basilika aliyoijenga mlimani, sehemu ya kazi ile ikifanywa na wafungwa wa kisiasa, na televisheni ya taifa ikarusha moja kwa moja. Naitazama rekodi ile kama ninavyotazama filamu. Serikali ilikataza kamera na simu ndani, ikasimamisha hema juu ya kaburi ili tukio la kufukua lisionekane hata kutoka juu. Kilichoruhusiwa kuonekana ni jeneza likitoka mlangoni mabegani mwa wanafamilia, bila heshima za kijeshi, kisha helikopta ikipaa. Kila uamuzi hapo ni wa mwongozaji: kamera isimame wapi, nini kiachwe gizani, nani abebe. Utawala uliojenga sura yake kwa NO-DO ulizikwa upya kwa picha zilizopangwa na wapinzani wake. Mtu asiyejua kusoma picha ataripoti kwamba jeneza lilihamishwa.

Ndiyo maana inaniuma kuona idara za lugha zikifungwa Uingereza, chuo baada ya chuo, wakati ambapo Kihispania ndicho kilichokipita Kifaransa mwaka 2019 na kuwa lugha ya kigeni yenye watahiniwa wengi zaidi kwenye mtihani wa kumaliza sekondari. Wanafunzi wapo. Kinachofanyika ni kubakiza lugha kama huduma, masomo ya mazungumzo kwa watu wa biashara, na kumwondoa yule anayejua kwa nini mwisho wa Viridiana una watu watatu. Vyuo vyetu navyo vina kishawishi hicho hicho cha kuifundisha lugha ya kigeni kama chombo cha hoteli na utalii. Kijana wa Dar es Salaam anayekaa kibandani kutazama Barcelona ikicheza na Real Madrid amewahi kuona uwanja ukilipuka kwa kelele za kudai uhuru wa Katalunya dakika ya 17 na sekunde ya 14, na mtangazaji akaendelea kuzungumzia kona. Mwaka 1714 Barcelona ilianguka mbele ya jeshi la mfalme. Hilo si jambo la ziada juu ya mpira. Ndilo walilokuwa wanasema watu wale, kwa lugha ya kelele, na kijana wetu ana haki ya kutafsiriwa.

Lakini fani yenyewe ina pengo, na nalisema nikiwa ndani yake. Afrika. Vita vya Franco vilianzia Morocco, na makumi ya maelfu ya wanajeshi wa Kimorocco walivushwa kumpigania. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968, na mwaka 1971 serikali ya Franco ikatangaza kwamba habari zote kuihusu ni siri ya dola. Amri hiyo ilidumu hadi 1976, miaka ambayo rais wa Guinea hiyo, Francisco Macías, alikuwa anawaua watu wake. Wahispania wa rika la mzee wangu walinyimwa hata jina la koloni lao kwenye magazeti. Sahara Magharibi iliachwa Novemba 1975 wakati Franco yuko mahututi. Na kabla ya hayo, katikati ya miaka ya 1940, Manuel Hernández Sanjuán na kampuni yake ya Hermic Films walikaa Guinea karibu miaka miwili wakapiga filamu fupi 31: mashamba, misheni, hospitali, vijana wakipiga mwereka. Juu ya picha hizo kuna sauti ya mtangazaji wa Kihispania anayeeleza. Waafrika wanafungua midomo, na yeye ndiye anayesikika.

Haya yameanza kuandikwa, na Waguinea wenyewe, kama Donato Ndongo, wameyaandika kwa miaka mingi kwa Kihispania chao safi. Lakini bado yamewekwa pembeni, kama sura ya mwisho ya kitabu. Mimi nayaona kuwa ni sura ya kwanza, kwa sababu kupandikiza sauti kulizoeleka kwenye koloni kabla hakujamfikia Grace Kelly.

Nilirudi Mogambo miezi michache iliyopita nikiwa na jambo hili kichwani, na kwa mara ya kwanza nikasoma vizuri majina ya mwanzo. Wazungu wametajwa kwa majina yao. Waafrika wametajwa kwa makabila: Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, na Wambeti wa makoloni ya Ufaransa. Filamu hiyo haina muziki wa okestra. Muziki wake karibu wote ni wao, kwa sauti zao. Wadhibiti wa Madrid walishughulika na kila neno la ndoa na kitanda, na kwa miaka yote niliyofundisha kisa kile mimi pia nilikuwa nawasikiliza Wazungu peke yao.

Mjomba, nakala ya Kihispania ninayo. Likizo ijayo nakwenda nayo Bukoba. Nitaomba wazee wanaozijua nyimbo za zamani wanipe jioni moja, nitaipunguza sauti ya dada yule asiye dada, na nyimbo zikianza nitawauliza wanaoimba wanasema nini.